Upasuaji wa Kupangwa au Usiosubiri: Mwongozo Kamili kwa Daktari wa Miguu Anayechagua Njia

Ukimaliza shahada ya DPM (udaktari wa tiba ya miguu) nchini Marekani na miaka 3 ya residensi, yaani mafunzo ya hospitalini baada ya shahada, utakuwa umewapasua wagonjwa wa aina mbili. Mmoja alikuja kwa miguu yake, akachagua tarehe, akaomba ruhusa kazini na kupanga nani atampikia wiki ya kwanza. Mwingine aliletwa, na hakuna aliyemuuliza tarehe inayomfaa. Vijana wanaokaribia kuhitimu huuliza ipi kati ya kazi hizo mbili inalipa zaidi. Naona ni mapema mno kuuliza hivyo. Kwanza jiulize ni ratiba gani utaivumilia kwa miaka 20 bila kuchukia kazi wala kuwakosa watu wa nyumbani. Kisha uliza kesi ulizokwisha kuzifanya zinakuruhusu kwenda wapi. Ukishapata majibu hayo mawili, hesabu ya pesa huwa nyepesi.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria Waswahili walioko Marekani: aliye chuoni, aliye residensi, na mzazi anayemsomesha mtoto katika fani ambayo kwetu Afrika Mashariki haina chuo cha aina hiyo.

Hatua ya 1: Zijue kesi zenyewe

Upasuaji wa kupangwa ni ule ambao mgonjwa akiusogeza mbele miezi 3 hapotezi mguu wala uhai. Humo mna nundu ya kidole gumba, vidole vilivyojikunja, nyayo bapa zinazouma, kifundo kilicholika na kuhitaji kuunganishwa au kuwekewa kiungo bandia, na mishipa iliyobanwa. Usidhani kwamba kinachoweza kupangwa hakina uzito. Mama anayesimama dukani saa 10 kwa siku huku kidole gumba kikipanda juu ya cha pili ana shida ya kweli, na ukimtibu vizuri umemrudishia riziki.

Upasuaji usiosubiri ni usaha uliojifungia ndani ya wayo, gesi inayosambaa kwenye nyama, gangrini yenye majimaji, mfupa uliovunjika na kutokeza nje ya ngozi. Kwa hizo hakuna kuhesabu siku. Unahesabu saa.

Kati ya makundi hayo lipo la tatu, na watu wengi hulisahau wanapochagua njia. Kisigino kilichopasuka kwa kuanguka toka darini, viungo vya Lisfranc (vya katikati ya wayo) vilivyoachana, kano ya Achilles (ya nyuma ya kisigino) iliyokatika. Hizi si za usiku huohuo, lakini huwezi kuziweka mwezi ujao. Kisigino, kwa mfano, mara nyingi hungojewa siku 10 hadi 14 mpaka uvimbe upungue. Unakikunja kifundo kidogo na kuitazama ngozi ya upande wa nje: ikiwa inang'aa kama imevutwa, unamrudisha mgonjwa akainue mguu nyumbani. Siku ikionyesha mikunjo midogomidogo, unampangia thieta (chumba cha upasuaji) kesho yake. Anayependa mifupa lakini anaogopa usiku asilipuuze kundi hili, maana lina kazi nyingi za majeraha ambazo hufanyika mchana.

Hatua ya 2: Chagua residensi kwa daftari la kesi, si kwa jina la hospitali

Njia unayoiwazia huanza kufunguka au kufungwa hapa, miaka mingi kabla ya mkataba wa kwanza. Kila mkaazi, yaani daktari aliye kwenye residensi, huandika kila kesi aliyoifanya, na kesi hugawanywa kwa makundi: vidole, kidole gumba na mfupa mrefu ulio nyuma yake, tishu laini, mifupa mingine ya mguu, na upasuaji wa sehemu ya nyuma ya mguu pamoja na kifundo. Kundi hilo la mwisho lenyewe limegawanywa waziwazi: za kupangwa na zisizo za kupangwa, za mifupa na za tishu laini. Yaani hata wanaosimamia taaluma wanakutaka uonje pande zote mbili.

Mwaka wa nne wa chuo utazunguka hospitali mbalimbali, karibu mwezi mmoja kila moja. Utumie mwezi huo kuchunguza. Usiishie kumuuliza mkurugenzi, kwa sababu kila mkurugenzi atakuambia wanafanya kila kitu. Keti na mkaazi wa mwaka wa tatu wakati wa chakula, umuulize haya:

- Amefanya nundu za kidole gumba ngapi kwa mkono wake mwenyewe, na ngapi alishikilia tu vifaa?
- Kifundo kikivunjika saa 5 usiku, idara ya dharura inampigia nani, watu wa podiatria (tiba ya miguu) au wa mifupa?
- Mgonjwa wa kisukari mwenye usaha anapokelewa chini ya nani?
- Waliohitimu miaka 2 iliyopita wanafanya kazi gani sasa?

Swali la mwisho ndilo lenye majibu ya kweli zaidi. Hospitali ya mjini inayohudumia watu wasio na bima itakujaza uzoefu wa vidonda, usaha na kukata vidole, lakini unaweza kutoka humo ukiwa umerekebisha nyayo bapa chache mno. Programu iliyojaa vituo vya upasuaji wa siku moja itakupa mkono mwepesi wa mifupa, halafu siku ya kwanza ya kuitwa usiku ukatetemeka. Kama moyo wako bado haujaamua, tafuta programu yenye vyote viwili, hata kama iko kwenye mji usioupenda. Ni miaka 3 tu.

Hatua ya 3: Bodi kwanza, mapenzi baadaye

Bodi mbili za kutoa vyeti vya ubingwa zinatambuliwa: ABFAS kwa upasuaji, na ABPM kwa tiba ya miguu. Anayetaka kupasua hospitalini, hasa kifundo, kwa kawaida atahitaji ABFAS, yenye cheti cha upasuaji wa mguu na kingine cha ukarabati wa sehemu ya nyuma na kifundo. Ukifaulu mitihani ya mwanzo unapewa hadhi ya aliyestahili, na una miaka 7 ya kukusanya kesi zako mwenyewe na kuzipeleka zikakaguliwe.

Hapa ndipo naona vijana wenye uwezo wakikwama. Mtu anachukua kazi ya kituo cha vidonda kwa sababu mshahara ni mzuri, anasafisha vidonda na kukata vidole miaka 5, kisha anafungua daftari lake na kukuta limejaa kitu kimoja. Kesi za kukata na kusafisha hazitoshi kumwonyesha mkaguzi kwamba unajua kunyoosha mfupa, kuweka skrubu na kumsimamia mgonjwa mpaka mfupa uunge. Wa upande wa pili naye hukwama: anayetaka cheti cha kifundo huku akifanya nundu peke yake kituoni, bila zamu za hospitali.

Kwa hiyo ushauri wangu, na siupunguzi makali: miaka yako ya kwanza ya kazi iwe mchanganyiko mpaka cheti kiwe mkononi. Hata kama unajua unataka za kupangwa tu, chukua zamu chache za kuitwa. Hata kama umezaliwa kwa ajili ya kuokoa miguu ya wagonjwa wa kisukari, omba nusu siku kwa wiki ya kesi za kupangwa, na uiandikishe kwenye mkataba. Kila kesi iandike siku hiyohiyo, ukiambatanisha na eksirei za kabla na baada. Ukiziacha zirundikane, miaka 4 baadaye utaomba picha kwenye hospitali iliyokwisha kubadilisha mfumo wake wa kompyuta.

Hatua ya 4: Soma sheria ya jimbo

Hatua hii ni fupi, ila usiiruke. Kila jimbo lina mipaka yake. New York iliruhusu wataalamu wa podiatria wenye sifa maalumu kupasua kifundo kuanzia 2014. Texas bodi ya taaluma ilitunga kanuni mwaka 2001 iliyoweka kifundo ndani ya maana ya mguu, madaktari wa mifupa wakaenda mahakamani, na mahakama ya rufaa ikaibatilisha mwaka 2008. California inaruhusu kifundo, lakini kukata sehemu ya mguu kunaishia kwenye kiungo cha Chopart, kilicho mbele ya kisigino na kifundo. Zaidi ya hapo unamwita mwingine. Kwa anayependelea kazi ya dharura mpaka huo ni jambo la kila wiki, kwa sababu usaha haujui jimbo limeandika nini.

Na hata sheria ikiruhusu, hospitali ndiyo inayotoa idhini ya kupasua ndani yake, na inaweza kuwa na masharti makali kuliko ya jimbo. Omba fomu ya idhini kabla ya kusaini chochote.

Hatua ya 5: Zitazame wiki mbili kwa macho makavu

Ijumaa saa 12 jioni, idara ya dharura inakupigia. Mama wa miaka 58, ana kisukari, mguu umevimba tangu Jumatano, homa imepanda. Unafungua eksirei na kuona vidoa vyeusi vya hewa ndani ya nyama, kando ya mfupa wa kidole cha tano. Chakula cha jioni kimeisha hapo. Saa 2 usiku unapasua wayo kuanzia kidoleni, ukiifuata njia ya usaha kuelekea kisigino, unakamua juu ya kila ala ya kano uone kama bado inatoa, na unaondoa nyama ya kijivu mpaka ufike inayotoka damu nyekundu. Hushoni. Unaliacha jeraha wazi, kwa sababu Jumapili utarudi naye thieta, na pengine Jumanne tena. Yeye atakaa wodini siku nyingi, na kila asubuhi utampitia kabla ya kliniki.

Wiki ya pili ni hii. Jumanne saa 1 asubuhi uko kwenye kituo cha upasuaji wa siku moja, wagonjwa 5 kwenye orodha, wote wamefunga kula, wote wamepimwa wiki iliyopita. Kila mmoja unamkuta na ndugu yake, unaweka alama kwa kalamu juu ya mguu unaohusika huku akiangalia. Msumeno, skrubu 2, picha ya mashine, nyuzi, bendeji. Saa 8 mchana umemaliza. Inaonekana raha, na kwa kweli ratiba yake ni nzuri kwa mwenye watoto wadogo. Mzigo wake unakuja baadaye. Mgonjwa yule aliingia akitembea. Mfupa ukikataa kuunga, au kidole kikirudi kilipokuwa, umemwacha pabaya kuliko ulipomkuta, naye atakaa mbele yako miezi akiuliza kwa nini kiatu hakiingii. Kwa hiyo kazi ngumu ya upasuaji wa kupangwa ni kukataa. Mvutaji sigara anayetaka mifupa iunganishwe, mwenye HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari mwilini) ya 10, anayetaka mguu uwe mwembamba kwa ajili ya harusi ya wiki 6 zijazo: hao unawaambia hapana, au si sasa, na wengine watakasirika na kwenda kwa jirani yako. Kama huwezi kukataa wagonjwa, njia hii itakuumiza.

Njia ya dharura haikupi nafasi ya kukataa, na ina huzuni zake. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa karibu nusu ya waliokatwa mguu juu ya kifundo kwa sababu ya kisukari hufariki ndani ya miaka 5, na nyingine zinaonyesha zaidi ya nusu. Utawazoea watu, utajua majina ya wajukuu zao, na utawapoteza. Ila kuna kitu ambacho sisi Waswahili tunaweza kukifanya vizuri kuliko wengi. Wakimbizi wa Kikongo wamepokelewa Marekani kwa wingi, na wengi wao husema Kiswahili. Mzee wa Kivu aliyelala kitandani saa 7 usiku, amesikia kupitia simu ya mkalimani neno moja tu, kukatwa. Ukivuta kiti ukaketi na kumwambia, "Shikamoo mzee. Tunaondoa kidole hiki leo ili tuuokoe mguu. Ukisema tungoje, nitakuambia ninachokiogopa," mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Anauliza maswali. Anamwita mwanawe. Anakubali au anakataa akiwa ameelewa.

Hatua ya 6: Pesa, na zinakotoka

Kwa upasuaji wa kupangwa, mgonjwa ana muda wa kuchagua, na bima ina muda wa kuchelewesha kibali. Jina lako ndilo mtaji, na jina hujengwa miaka. Operesheni ya nundu hulipwa na Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) kama kifurushi kinachojumuisha siku 90 za ufuatiliaji, kwa hiyo kila ziara ya ziada ndani ya siku hizo ni kazi bila malipo mapya. Faida kubwa ya njia hii huja ukinunua hisa katika kituo cha upasuaji, kwani unapata sehemu ya mapato ya kituo, juu ya ada yako ya kazi.

Usiosubiri haukungoji ujenge jina. Idara ya dharura inakupa wagonjwa tangu siku ya kwanza. Ila wengi wao wana Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) au hawana bima. Ukijiajiri mwenyewe, utafanya kazi za usiku ambazo hutalipwa. Ukiajiriwa na hospitali inayokulipa kwa vipimo vya kazi uliyofanya, bila kujali bima ya mgonjwa, hesabu inabadilika kabisa. Na kama hospitali ni ya kutotengeneza faida, malipo 120 ya mkopo wa serikali ukiwa humo yanaweza kukufutia deni lililobaki. Kwa mwenye deni zito la chuo hilo si jambo dogo. Hospitali za maveterani nazo zina kazi nyingi ya kuokoa miguu, na sheria ya 2018 iliwapandisha wataalamu wa podiatria huko kwenye ngazi ya malipo ya madaktari wengine.

Kumbuka pia Machi 2020. Tarehe 18 mwezi huo, CMS, shirika la serikali linalosimamia Medicare na Medicaid, ilipendekeza upasuaji usio wa lazima uahirishwe nchi nzima. Vituo vilivyoishi kwa nundu na vidole vilifunga milango. Vidonda vya kisukari havikuahirishwa. Sisemi janga lingine linakuja kesho. Nasema kliniki inayoegemea upande mmoja mno iwe na akiba ya miezi kadhaa.

Hatua ya 7: Ukichagua usiosubiri, ikague timu kabla ya mshahara

Mguu hauokolewi na kisu chako peke yako. Uliza: je, daktari wa mishipa ya damu yupo hospitali hii, na anafika ndani ya saa ngapi? Mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa na mishipa migumu kiasi kwamba kipimo cha shinikizo kwenye kifundo kinatoa namba nzuri ya uongo, 1.3 au zaidi, huku vidole havipati damu. Asipopimwa shinikizo la kidole gumba, utakata kidole, jeraha halitapona, utakata tena juu zaidi. Uliza pia kuhusu daktari wa maambukizi, wa sukari, muuguzi wa vidonda, na fundi wa viatu na plasta za kupunguza uzito kwenye wayo. Kama hospitali inakutaka uwe peke yako usiku 15 kwa mwezi bila mtu wa mishipa, kataa hata kama mshahara unatamanisha. Utakuwa mkataji wa miguu, na kidonda ndugu kitarudi kwako kila mwezi.

Anayefikiria kurudi nyumbani siku moja, hata kwa ziara za kufundisha, ajue kwamba ujuzi huu ndio unaohitajika zaidi kule. Tanzania, pamoja na India, ndiko mradi wa Step by Step wa kuwafunza madaktari na wauguzi utunzaji wa miguu ya wenye kisukari ulikoanzia mapema miaka ya 2000, na msingi wake ulikuwa kliniki, viatu na elimu kabla ya thieta.

Hatua ya 8: Andikisha mgawanyo kwenye mkataba

Maneno ya mdomo ya "utafanya kidogo ya kila kitu" hayakulindi. Mkataba useme: usiku wangapi wa kuitwa kwa mwezi, na unalipwa kiasi gani kwa kila usiku, nusu siku ngapi za thieta kwa kesi za kupangwa, na kama ni zako au unagawana, nani anapokea mgonjwa mwenye usaha baada ya saa za kazi, nani anakushikia ukiwa likizo. Sheria ya EMTALA ya 1986 inaitaka hospitali yenye idara ya dharura kuwa na orodha ya madaktari wa kuitwa, na ukishaandikwa kwenye orodha hiyo ukaitwa, ni lazima ufike. Kwa hiyo usikubali jina lako liandikwe kimyakimya.

Soma pia bima ya makosa ya kitabibu. Nyingi hukulinda kwa madai yanayoletwa wakati bima ingali hai, kwa hiyo ukiondoka unahitaji nyongeza ya kulinda kesi za nyuma, na gharama yake ni kubwa. Mkataba useme nani atailipa.

Ukitaka kubadili baadaye

Inawezekana, lakini si sawa kwa pande zote mbili. Kutoka dharura kwenda kesi za kupangwa kunahitaji wateja na muda: anza na siku moja kwa wiki, peleka barua kwa madaktari wa familia, na urudi darasani kwa mbinu mpya za kupasua kupitia tundu dogo. Kutoka kesi za kupangwa kurudi dharura ni kugumu zaidi, kwa sababu hospitali hupitia upya idhini zako kila baada ya miaka 2 au 3 na hutaka kuona kesi za karibuni. Ukikaa muda mrefu bila kugusa kifundo kilichovunjika, utaombwa usimamiwe kwa kesi kadhaa, au idhini hiyo iondolewe. Kwa hiyo kabla ya kuacha zamu za usiku, uliza kwanza idara inahitaji kesi ngapi ili uendelee kuorodheshwa, na kama inawezekana, baki na kiasi hicho.